Programu ilisema mlango umefungwa, bibi yuko nje

Dar es Salaam. Ilikuwa saa 10:20 alfajiri nilipoamka kunywa maji na kukuta kitanda cha bibi kitupu. Kabla ya kukimbilia mlango, nilishika simu. Programu ya vihisi tuliyokuwa tumeiweka miezi miwili nyuma ilionyesha alama ya kijani na neno moja: “Umefungwa”.

Nikapumua. Kama mlango umefungwa, basi bibi yumo ndani. Nikaanza kumtafuta chooni, jikoni, stoo, chumba cha dada. Nilipofika sebuleni nikakuta mlango mkubwa uko wazi na pazia linapepea.

Tulimkuta kwenye kibaraza cha nyumba ya nne kutoka kwetu, kajitanda kanga, mguu mmoja una ndala na mwingine mtupu. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alituambia anawasubiri watoto wanaoiba machungwa. Shamba la machungwa analolisema liko Muheza, na aliliacha miaka mingi iliyopita.

Namshukuru Mungu hakufika barabara kubwa. Lakini zile dakika nilizozipoteza kumtafuta ndani kwa kuiamini simu zilinikosesha usingizi kwa siku kadhaa. Kifaa tulichokinunua ili kitulinde ndicho kilichonichelewesha.

Wazazi wengi sasa wanafunga vifaa hivi majumbani, wengine kwa ajili ya wazee, wengine kwa ajili ya watoto wanaochungulia geti kila likifunguliwa. Makala haya yanaeleza tulivyovifunga, vilivyotuangusha, na jambo moja ambalo lingeweza kutugharimu mtoto.

Kwa nini tuliamua kuvifunga

Bibi ana miaka 79 na ana dimensia, hali inayodhoofisha kumbukumbu, uwezo wa kufikiri na uwezo wa kujua uko wapi. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Baadhi ya wagonjwa hutoka nyumbani na kutangatanga, hasa usiku, wakidhani wanakwenda kazini, shambani au nyumbani kwao pa zamani. Kwa bibi ilianza kwa kuamka saa nane usiku na kufunga mizigo. Kisha siku moja alfajiri mama muuza maandazi akamrudisha nyumbani akiwa amemshika mkono.

Tulikaa kikao cha familia. Mjomba alishauri tumfungie chumba kwa nje. Mama alikataa, kwa sababu moto ukitokea hatoki mtu. Dada akataja kamera chumbani. Hilo nalo mama alilikataa: bibi ni mtu mzima, anavaa na kuvua humo ndani, na hajawa mfungwa.

Ndipo tukaja kwenye vihisi visivyotumia waya, ambavyo mafundi wengi huviita sensa. Tulinunua viwili vya mlango, kimoja cha mwendo, kisanduku kikuu cha kuvipokea, plagi janja moja na kengele ndogo ya kuchomeka ukutani. Bibi tulimweleza ni vya nini. Akacheka, akaviita “mbwa wa ukutani”.

Vinavyofanya kazi

Kihisi cha mlango kina vipande viwili. Kipande kikubwa chenye betri hubandikwa kwenye fremu, na kidogo chenye sumaku hubandikwa kwenye mlango wenyewe. Mlango ukifungwa, vipande vinakaribiana na swichi ndogo iliyomo ndani inaihisi sumaku. Ukifunguliwa, sumaku inakwenda mbali, kihisi kinatuma taarifa hewani. Hakijui ni nani aliyefungua. Kinachojua ni kama sumaku iko karibu au haipo.

Kihisi cha mwendo hakioni picha. Kinahisi mabadiliko ya joto linalotoka kwenye mwili wa mtu anayepita mbele yake. Ndiyo maana mtu anayekatiza mbele yake hushikwa upesi kuliko anayekifuata moja kwa moja, na ndiyo maana kioo cha dirisha au pazia zito hukiziba.

Taarifa hizo hufika simuni kwa njia tofauti. Vihisi vingine hutumia Wi-Fi moja kwa moja. Havihitaji kisanduku kikuu, lakini humaliza betri haraka. Vyetu vinatumia Zigbee, mawasiliano ya redio yanayotumia umeme kidogo sana, na hivyo betri hukaa muda mrefu. Zigbee inahitaji kisanduku kikuu kilichounganishwa na ruta ya intaneti.

Kuna aina ya tatu, vile vya bei nafuu vinavyotumia masafa ya megahezi 433. Vingi kati ya hivyo husema tu pale mlango unapofunguka. Betri ikiisha havina namna ya kusema, na kisanduku chake hakina namna ya kujua. Ukiwa na mgonjwa au mtoto wa kulinda, muulize muuzaji kabla ya kulipa: kihisi hiki kikifa, nitajuaje? Akibabaika, tafuta kingine.

Uliza pia kama kihisi na kisanduku vinaelewana. Kihisi cha Zigbee hakiongei na ruta peke yake. Tangu mwaka 2022 kuna kiwango kiitwacho Matter kinachosaidia vifaa vya kampuni mbalimbali kufanya kazi pamoja, na alama yake huandikwa kwenye boksi. Kama huioni, njia salama ni kununua vihisi na kisanduku vya kampuni moja.

Tulivyofunga, na tulipokosea

Kosa la kwanza tulilifanya ndani ya dakika kumi. Kisanduku kikuu kilikataa kabisa kuungana na Wi-Fi. Tuliingiza nywila mara sita, tukailaumu ruta, tukamlaumu muuzaji. Tatizo lilikuwa masafa. Ruta nyingi siku hizi zinarusha Wi-Fi za aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Vifaa vingi vya nyumbani vinakubali ile ya 2.4 peke yake, na simu yangu ilikuwa kwenye ya 5. Tulipohamisha simu kwenye ya 2.4, kazi ikaisha kwa dakika mbili.

Kosa la pili lilikuwa mahali. Tulikiweka kisanduku nyuma ya televisheni, kimebanana na ruta, ili nyaya zisionekane. Zigbee nayo hutumia gigahezi 2.4, sawa na Wi-Fi na sawa na maikrowevu. Vikibanana, vinaingiliana kama redio mbili zinazoongea chumba kimoja. Tulikisogeza umbali wa zaidi ya mita moja kutoka kwenye ruta, tukakiweka juu ya kabati mahali pa wazi, na vihisi vilivyokuwa vikipotea vikaanza kuonekana.

Kosa la tatu lilikuwa chuma. Nyumba yetu, kama nyingi za hapa mjini, ina mlango wa mbao ndani na wa grili nje. Tulibandika kihisi kwenye grili kwa kuwa ndio mlango wa mwisho. Chuma huvuruga sumaku na hudhoofisha mawimbi ya redio. Kihisi kikawa kinasema mlango uko wazi wakati umefungwa. Tulikihamishia kwenye mlango wa mbao. Kama huna mlango wa mbao, weka kipande cha mbao au plastiki chenye unene wa sentimita moja hivi kati ya kihisi na chuma, vipande vyote viwili vikae usawa mmoja, kisha ujaribu.

Nafasi kati ya vipande viwili mlango ukiwa umefungwa iwe ndogo. Karatasi iliyomo kwenye boksi hutaja kiwango chake, na kwa vingi ni kama sentimita moja na nusu. Milango ya mbao huvimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi, kwa hiyo usiache nafasi iwe ya mwisho kabisa.

Na gundi isikudanganye. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, ile gundi ya pande mbili inaachia, tena inaondoka na rangi ya ukuta. Futa sehemu kwa spiriti kwanza, iache ikauke, na kama kihisi kina matundu ya skrubu, tumia skrubu.

Kihisi cha mwendo kilitutesa kwa namna yake. Kila jioni saa 11 kilikuwa kinalia, hakuna mtu. Kilikuwa kinatazama dirisha la magharibi, jua likishuka linakipiga usoni. Tulikigeuza kikatazama ukuta wa korido. Kisha usiku kikalia tena, na safari hii alikuwa paka. Kikapandishwa juu kidogo na kupunguzwa ukali kwenye programu. Ujue pia kwamba kwenye miezi ya joto kali, chumba kikikaribia joto la ngozi ya mtu, kihisi hiki kinapata shida kumtofautisha mtu na hewa, na umbali wake wa kuona hupungua. Kijaribu tena Januari hata kama kilifanya kazi vizuri Julai.

Usiku ule nini kilitokea

Sasa turudi kwenye alfajiri ile. Mlango wa mbele uko mbali na kisanduku, na kati yake kuna kuta mbili za tofali na zege. Zigbee ndani ya nyumba hufika kama mita 10 mpaka 20, na kila ukuta unapunguza. Ndiyo maana tulinunua plagi janja na kuichomeka kwenye soketi ya korido.

Vifaa vya Zigbee vinavyotumia umeme wa ukutani, kama plagi na taa, kwa kawaida hupokezana taarifa: kimoja kinapokea na kukipa kingine mpaka zifike. Vihisi vya betri havifanyi hivyo, vinasema vya kwao tu na kulala. Kwa hiyo kihisi cha mlango wa mbele kilikuwa kinaitegemea plagi ya korido kama daraja.

Jumamosi jioni mtu aliichomoa plagi hiyo ili apige pasi, akasahau kuirudisha. Mtu huyo ni mimi.

Vihisi vingine daraja likivunjika hutafuta njia nyingine vyenyewe, japo huchukua muda. Vingine hung'ang'ania njia ileile ya zamani. Chetu kiling'ang'ania. Bibi alipofungua mlango, kihisi kiliita na hakuna aliyepokea. Programu ikabaki na taarifa ya mwisho iliyokuwa nayo, ya Jumamosi: “Umefungwa”.

Hapa ndipo napenda mzazi mwenzangu atulie kidogo. Neno lile halikuwa na maana kwamba mlango umefungwa sasa. Lilikuwa na maana kwamba mara ya mwisho kihisi kuzungumza, mlango ulikuwa umefungwa. Programu nyingi huandika taarifa hizo mbili kwa rangi ileile. Tafuta kwenye programu yako sehemu inayoonyesha muda kihisi kilipozungumza mara ya mwisho. Vihisi vingi vya Zigbee huripoti vyenyewe kila baada ya muda hata kama mlango haujaguswa. Kama chako kimekaa kimya tangu jana, usikihesabu.

Plagi yetu sasa ina utepe mwekundu na maandishi ya kalamu nzito: USICHOMOE. Pasi imetafutiwa soketi yake.

Simu nayo ina tabia zake

Tuliporekebisha hilo, tulijaribu mlango mara kumi. Simu ya mama ililia mara kumi. Yangu ililia mara nne.

Simu nyingi za Android, hasa za bei ya kati, huzima programu zinazofanya kazi kimyakimya ili kuokoa chaji. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu ya vihisi, uiondoe kwenye kubana matumizi. Kisha nenda kwenye arifa uruhusu zote, na kama simu yako unaiweka kwenye hali ya kutosumbuliwa usiku, iruhusu programu hiyo peke yake ipite.

Weka arifa kwenye simu zaidi ya moja. Kumbuka pia kwamba ukiwa nje ya nyumba, bando likiisha, arifa haikufikii mpaka utakapounganishwa tena, na wakati huo bibi atakuwa amefika mbali.

Umeme na intaneti vikikatika

Swali hili tulipaswa kuliuliza siku ya kwanza. Umeme ukikatika, vihisi vinaendelea kuishi kwa sababu vina betri, lakini ruta, kisanduku na plagi vyote vinazimika. Hapo mnabaki na milango yenye mapambo.

Kuna vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme vilivyotengenezwa kwa ajili ya ruta. Kabla ya kununua, soma volti iliyoandikwa kwenye adapta ya ruta yako na ya kisanduku. Zinaweza kuwa 5, 9 au 12, na kuchanganya kunaweza kuua kifaa. Kumbuka pia kwamba plagi inayotumika kama daraja haitawaka umeme ukiwa haupo. Kama nyumba ni kubwa, sogeza kisanduku kiwe katikati ili mlango muhimu kuliko yote usitegemee daraja. Sisi tulikihamishia koridoni.

Intaneti ikikatika, visanduku vingine bado vinaweza kuliza kengele iliyomo ndani ya nyumba, vingine haviwezi mpaka viongee kwanza na mtandao wa nje. Namna ya kujua ni rahisi: chomoa waya wa intaneti au zima data ya ruta, bila kuzima ruta yenyewe, kisha fungua mlango. Kengele ikilia, nyumba yako inajitegemea. Isipolia, usiku wa intaneti mbovu ni usiku wa kumlinda mtu kwa macho.

Betri iliyopotea

Baada ya yote hayo tuliamua kubadilisha betri zote kwa pamoja, tuanze upya. Vihisi vyetu vinatumia betri bapa ya mviringo iitwayo CR2032. Jina hilo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Kwa macho, na hasa kwa macho ya mtoto, ni sarafu inayong'aa.

Nilikaa sebuleni jioni, nikatoa tatu za zamani nikaziweka mezani, nikaingiza tatu mpya. Simu ikaita, nikatoka nje kuzungumza. Niliporudi, mezani kulikuwa na betri mbili.

Mpwa wangu wa miezi 16 alikuwa amesimama ameshika ukingo wa meza, anatafuna kitu. Dada alimfungua mdomo: ilikuwa kipande cha biskuti. Tuliinua zulia, tukahamisha makochi, tukapekua nepi. Hatukuipata.

Jirani aliyesikia kelele alishauri tumpe maziwa kisha tumtapishe. Nilikataa. Kwa kazi yangu nilikuwa nimesoma kuhusu betri hizi, na nilijua hatuna muda wa kuendelea kutafuta. Tulipanda bajaji, njiani dada akampa asali vijiko viwili vya chai, na nilibeba pakiti ya betri mkononi. Hospitali tuliwaambia mapokezi maneno matano: huenda mtoto amemeza betri bapa.

Picha ya eksirei ilionyesha hakuna kitu. Dada alikaa chini kwenye sakafu ya korido akalia.

Asubuhi mama alipokuwa anamwogesha bibi, alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Mlikuwa na sarafu ya shilingi 200, karafuu mbili, na betri yetu. Bibi akasema aiache hapohapo, ni nauli yake ya Muheza.

Mtoto akimeza, fanya hivi

Hatari ya betri hizi haitokani na sumu kuvuja peke yake. Ikikwama kooni na kulowana, umeme wake unapita kwenye nyama na kutengeneza alikali kali inayounguza. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Zenye upana wa milimita 20 na kuendelea ni hatari zaidi kwa watoto wadogo kwa sababu ndizo zinazokwama. Na ile uliyoitoa kwa sababu “imeisha” bado ina umeme wa kutosha kuunguza.

Mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote mwanzoni. Akitoa udenda mwingi, akikohoa, akikataa chakula, akitapika au akilalamika kifua, usisubiri. Hata bila dalili, ukishuku tu, nenda.

Kwanza, mpeleke haraka hospitali yenye eksirei. Sema wazi ni betri, kwa kuwa kwenye picha inafanana na sarafu, na beba pakiti yake au betri nyingine ya aina hiyo.

Pili, usimtapishe. Usimpe chakula wala kinywaji.

Tatu, asali ndiyo pekee inayoruhusiwa, kwa masharti. Mwongozo wa kituo cha National Capital Poison Center cha Marekani unasema mtoto aliyezidi miezi 12, anayeweza kumeza, na aliyemeza betri ndani ya saa 12 zilizopita, anaweza kupewa vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, wakati mkielekea hospitali. Asali hupunguza kasi ya kuungua. Haitibu, na usichelewe kuondoka kwa ajili ya kuitafuta. Mtoto wa chini ya miezi 12 asipewe asali kabisa.

Nne, betri iliyoingia puani au sikioni nayo ni dharura. Usiisukume wala usimwagie matone.

Marekani ilipitisha mwaka 2022 sheria iitwayo Reese's Law, inayotaka vifaa vya betri hizi viwe na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kirahisi. Vyetu hufunguka kwa ukucha. Ukiwa dukani, chagua chenye skrubu kwenye kifuniko. Kifunge juu ya fremu, mbali na mikono ya mtoto. Badilisha betri mtoto akiwa amelala, moja baada ya nyingine, ukihesabu. Iliyotoka ifunge kwa selotepu pande zote mbili hapohapo, uiweke kwenye kopo lenye mfuniko, mahali pa juu. Ukiwa na mgonjwa wa dimensia, tahadhari hiyohiyo inamhusu, maana naye anaweza kuiweka mdomoni akidhani ni kidonge.

Jaribio la kila Jumamosi

Siku hizi kila Jumamosi jioni, kabla ya chakula, tunafanya yafuatayo. Hayachukui zaidi ya dakika kumi.

1. Mmoja anafungua kila mlango wenye kihisi, mwingine anasikiliza kengele na kutazama simu zote. Mlango ukifunguka na simu isilie, hatulali kabla ya kujua sababu.

2. Kama kimoja hakikulia, tunaanza na jambo rahisi: plagi ya korido iko mahali pake? Kisha nafasi ya sumaku, kisha betri, kisha mipangilio ya simu. Kukiondoa kihisi kwenye programu na kukiunganisha upya ni hatua ya mwisho, na tunafanya hivyo tukiwa tumesimama palepale kinapokaa.

3. Tunatazama muda kila kihisi kilipozungumza mara ya mwisho.

4. Hatuamini sana asilimia ya betri. Betri hizi za lithiamu hukaa karibu na volti 3 karibu maisha yake yote, kisha hushuka ghafla. Tunaandika tarehe kwenye utepe nyuma ya kihisi, na hununua betri duka linaloeleweka, kwa kuwa za bandia hufa mapema.

5. Mara moja kwa mwezi tunazima intaneti na kujaribu tena.

Bibi huwa anatutazama tukizunguka na milango na kuuliza kama tumehama. Ameamka usiku mara tatu tangu wakati ule. Mara zote kengele ililia akiwa bado ameshika kitasa, mama akaenda akamshika mkono, wakakaa jikoni wakanywa chai ya mchaichai mpaka usingizi ukamrudia. Kengele ilifanya kazi yake ya kuamsha. Aliyemrudisha kitandani ni binti yake.

Kama umeshafunga kihisi nyumbani kwako, kifungue leo jioni huo mlango ukiwa na simu mkononi, usubiri ilie. Isipolia, umepata kazi ya kufanya kabla ya kulala.